Kitabu cha Nyongeza

Mama, shikamoo. Huku Kibaha mvua haikatiki, ila mwanao sisikii baridi kwa furaha.

Hadithi mpya za maktaba zilikuwa zimekaa kwenye shelfu hakuna anayezigusa, na wakubwa walishaleta maboksi waziondoe. Nikatandika mkeka karibu na mlango, nikazipanga mafungu kama machungwa yako gulioni Chole. Wenzangu wakacheka. Nikawaambia, ngojeni.

Jana akaingia mzee mmoja ambaye huazima vitabu vya kilimo tu. Akachagua cha kuku. Nikamwandikia, halafu juu yake nikaweka hadithi moja kutoka kwenye fungu.

“Hiki sikukiomba, binti.”

“Hiyo nyongeza, mzee.”

Akakipokea kwa mikono miwili! Wewe umeshaona mtu akakataa nyongeza?

Leo asubuhi karudi, kalowa chapachapa. Cha kuku kakirudisha, hata hajakifungua. Hadithi hakuja nayo.

“Mke wangu kaninyang’anya, hajafika mwisho,” akasema. “Nitilie nyongeza nyingine.”

Mungu akujaalie wateja, mama yangu. Yale maboksi nimeyachana, nimeyatandika chini ya mkeka, hadithi zangu zisipate unyevu.

Mwanao, Mwajuma