Feni ya Hita na Waya wa Kuanikia Nguo

MAELEZO YA SHAHIDI ALIYEONA KWA MACHO
(Shahidi ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa ombi lake)

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, gerejini huitwa Mama Chiriku
Umri: miaka 22
Kazi: kufua ovaroli za mafundi na vitambaa vya viti vya magari
Makazi: chumba kimoja nyuma ya gereji, ndani ya uzio
Tarehe: Alhamisi, tarehe 13 mwezi wa saba. Kuandika kumeanza saa 8:10 mchana.

Mwanangu Chiriku ametoka sasa hivi kuipulizia chai ya afande. Aliinama juu ya kikombe, mashavu yamejaa, fuu, fuu, mpaka chai ikaruka na kulowesha karatasi ya kwanza. Hii ninayoandika ni ya pili. Afande hakukasirika. Aliuliza tu mtoto anapuliza nini wakati chai ilishapoa. Nikamwambia ana miaka miwili na miezi mitatu, na tangu jana anapuliza kila kitu, kwa sababu hospitalini alimwona nesi akimfunga baba yake bandeji mikononi, nami nikamwambia, "Mpulizie baba, apone." Basi ameona hiyo ndiyo kazi yake.

Mimi niliishia darasa la sita, ila kuandika naweza. Afande amesema niandike nilichoona, nisipambe, na nitaje saa. Saa nazijua. Juu ya mlango wa ofisi ya gereji kuna saa kubwa ya ukutani, na mimi maji yangu ya kufulia nayapanga kwa saa hiyo.

Naandika kwa ajili ya mume wangu, fundi umeme wa magari. Yeye hawezi kusema, moshi umemchoma koo, na kalamu hawezi kushika. Bosi, mwenye gereji, amewaambia polisi kwamba mume wangu ndiye aliyeunganisha waya, akajichoma mwenyewe na kuchoma gari la mteja. Mafundi wote wamesema walikuwa nyuma wanakunywa chai. Afande ameniambia bila kuficha kwamba Bosi yuko ndani tangu jana, lakini ikigonga saa kumi jioni ya leo na hakuna shahidi aliyeona, akaandika na akasaini, anaachiwa. Na akiachiwa, mshukiwa anabaki mume wangu, pale pale kitandani. Kwa hiyo nawahi.

Mnamo tarehe 12, siku ya Jumatano, saa 3:00 asubuhi, mkunga mmoja mstaafu alileta gari lake, la zamani, la kijivu. Alisema feni ya hita haipulizi. Asubuhi hizi za baridi kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani na yeye haoni barabara. Zamani feni ilikuwa inaitika ukiweka namba nne tu, moja mpaka tatu kimya. Sasa hata nne kimya.

"Jana nimeendesha huku nafuta kioo kwa mtandio," alisema. "Mwanangu, nitazalisha wanawake miaka thelathini halafu niuawe na ukungu?"

Mume wangu alicheka, akamwambia, "Hufi mama, niachie leo tu."

Karo langu la kufulia liko hatua sita hivi kutoka pale gari liliposimama, na mume wangu ana tabia ya kunieleza kila anachofanya. Anasema siku tukifungua kibanda chetu mimi ndiye msaidizi wake, nijifunze bure sasa. Yeye hakurupuki kufungua. Anapima kwanza, ana kitaa chake kidogo chenye sindano, kikiwaka ujue umeme umefika. Kwa ajili ya kitaa hicho wenzake wanamwita Daktari, na si kwa kumsifu.

Alitoa fyuzi, akakuta imeungua. Akaweka mpya, akawasha feni, ikaungua hapo hapo. Akachomoa plagi ya mota ya feni, akaweka fyuzi nyingine, ikakaa salama. Akaniambia, "Umeona mama? Ugonjwa hauko kwenye waya, uko kwenye mota. Inakula umeme kuliko kawaida yake." Akalala chali chini ya dashibodi upande wa abiria, akaitoa. Ndani yake mlikuwa na majani makavu na kiota cha panya. Alinipa niizungushe kwa kidole, ikawa nzito, inakwaruza. Plagi yake ilikuwa imeyeyuka pembeni kama mshumaa. Akasema akiisafisha itazunguka, ila haitadumu, na mwenye gari atafutiwe nyingine. Aliirudisha ndani ili gari lisikae wazi, lakini plagi aliiacha imening'inia makusudi. Hiyo ilikuwa saa 5:00.

Saa 5:20 Bosi alitoka ofisini na kuuliza gari la mkunga limefikia wapi. Mume wangu akamweleza kama alivyonieleza mimi. Bosi akawageukia wengine. Walikuwapo watano, na hawakuwa wanakunywa chai.

"Jamani, Daktari anataka mgonjwa alazwe," alisema.

Wakacheka. Mume wangu akasema, "Bosi, mota imekwisha. Ukilazimisha itawaka."

"Itawaka! Mimi nimefunga feni hizi wewe bado unakojoa kitandani. Fyuzi inakusumbua? Iruke."

Pale gerejini kuruka fyuzi, yaani kupitisha umeme bila fyuzi, si jambo geni. Nimewaona wakizungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara mara nyingi. Lakini siku hiyo Bosi hakutafuta karatasi. Alikuja kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo, ambayo ni waya mweusi mnene wa umeme, akaukata kwa koleo kama mita mbili hivi. Ovaroli tatu mbichi zikaanguka mchangani. Nilisema, "Bosi jamani, nimezifua sasa hivi." Akasema, "Utazifua tena, ndiyo ajira yenyewe."

Naapa aliyefunga waya huo ni Bosi kwa mikono yake. Alifungua boneti, akafunga ncha moja kwenye betri, akaupitisha kwenye tundu la bati linalotenga injini na ndani ya gari, akainama ndani na kuuchomeka kwenye mota. Hakupitia fyuzi wala swichi wala ufunguo. Feni ikazunguka kwa kelele kubwa na vumbi likatoka matunduni. Bosi akanyoosha mikono kama mtu aliyefunga goli.

"Haya Daktari. Imepona au haijapona?"

Mume wangu akasema, "Imepona kwa dakika tano."

Laiti angenyamaza. Pale kuna kitu wanakiita kula kiapo. Fundi akitilia shaka kazi ya mwenzake, anakaa ndani ya gari hilo dakika kumi, milango imefungwa, kazi inaendelea, na wenzake wanahesabu. Akitoka salama ananunua soda za watu wote. Nimeona wakimlisha kiapo fundi breki na fundi rangi, ikawa kicheko. Bosi akasema, "Kula kiapo, Daktari."

Mume wangu alinitazama. Sijui alitaka nimwambie nini. Mimi nilikuwa nacheka. Lazima niliandike hili, kwa sababu afande amesema nisifiche. Nilicheka na wenzangu, nikamwambia, "Nenda baba Chiriku, nami nataka soda."

Saa 5:41 aliingia upande wa dereva, akawasha injini. Gari hilo kitasa cha ndani kimevunjika, na vioo havina mikono ya kushushia. Mkunga mwenyewe alisema asubuhi kwamba hufunguliwa na wajukuu kwa nje. Bosi alijua hilo, aliambiwa mbele yangu. Akaubamiza mlango na kuuegemea kwa mgongo, mikono kifuani.

Dakika tatu za kwanza zilikuwa mzaha. Bosi alimwinua Chiriku mpaka kwenye kioo, akamwambia, "Muage baba, anasafiri." Mtoto akapunga mkono. Baba yake naye akapunga, akamtolea ulimi. Bosi akanirudishia mtoto.

Saa 5:46 niliona moshi mwembamba ukitoka kwenye matundu ya hita. Feni yenyewe ndiyo ilikuwa inampulizia usoni. Mume wangu akazima ufunguo. Injini ikanyamaza, feni ikaendelea, maana haikuwa inapita kwenye ufunguo. Akagonga kioo. Nikapiga kelele, "Bosi, moshi!" Bosi hata hakugeuka. Alisema, "Anafanya maigizo huyo. Bado dakika tano."

Aligonga kwa viganja, halafu kwa ngumi. Nikamwona ameinama chini ya dashibodi, na sasa najua alikuwa anauvuta ule waya autoe. Ulikuwa umeshika moto, ngozi ya waya inayeyuka, na yeye anauvuta kwa mikono mitupu. Huko ndiko mikono yake ilikoungulia. Mtu anayepima kila kitu kwa ncha za vidole.

Kaka yake mkubwa, fundi bodi, ambaye wanamwita Msumari, alikuwa amesimama karibu na mimi, hatua nne kutoka mlangoni. Ndiye aliyetuombea kazi na chumba pale. Nilimwambia, "Shemeji, mtoe mdogo wako!" Akaniambia, "Tulia shemeji, usimkasirishe Bosi." Nimesikia naye ameandika kwamba alikuwa nyuma anakunywa chai. Anisamehe, ila hakuwa na kikombe.

Moto ulipotokea juu ya dashibodi ndipo Bosi alipogeuka. Akaruka. Hakufungua mlango. Alikimbilia gari lake lililokuwa jirani, akalisogeza mpaka getini, akashuka na kukagua ubavu wake kama umeungua.

Nilimtupia Msumari mtoto mikononi, nikavuta kitasa cha nje. Mlango ukafunguka mara moja tu. Ulikuwa mwepesi, afande. Mtu yeyote angeweza. Mume wangu akaanguka mchangani, anakohoa kitu cheusi, mikono ameinua juu kama mtu anayeomba asiguswe. Nilimmwagia maji yote ya kufulia. Saa ya ukutani ilikuwa 5:52.

Neno la kwanza la Bosi aliporudi lilikuwa, "Nani alifunga waya hapa?" Alilisema kwa sauti kubwa, huku anamtazama mmoja mmoja. Wote wakatazama chini. Halafu akasema, "Ni yeye mwenyewe. Nilimkataza." Na mmoja wao akaitikia, "Kweli Bosi, ulimkataza."

Waya huo mabaki yake yapo. Ukichukua kamba yangu iliyobaki na kipande kilichobaki kwenye betri, ni waya uleule, na mkato ni wa koleo kubwa la Bosi, lile lenye pengo kwenye meno. Naomba mkaufuate leo kabla haujatupwa.

Hospitali tulifika saa 6:40 kwa gari la jirani anayeuza mchanga. Daktari, wa kweli huyu, amesema atapumua mwenyewe, na vidole vinaweza kufunguka tena vikifanyishwa mazoezi kila siku. Mazoezi nitamfanyisha. Nimeshamwambia nesi anionyeshe. Asubuhi hii nilimuuliza mume wangu kama nije hapa kuandika, akafumba macho mara moja, yaani ndiyo, ndivyo tulivyokubaliana. Nikamwambia kibanda chetu kiko palepale, mimi nitashika kitaa, yeye aniambie nichome wapi. Alitaka kucheka, koo likamkatalia.

Sasa ni saa 9:28. Shemeji yangu Msumari yuko mlangoni, ananiita. Anasema, "Shemeji, toka mara moja, wazee wamekaa nyumbani, mambo yamekwisha." Nimemwambia asubiri, imebaki mistari miwili nisaini. Anasema nisiwaaibishe, na kwamba Bosi amekubali tusihamishwe chumbani. Amemnyanyua Chiriku. Afande amemwomba atoke nje. Namalizia.

Yote niliyoandika hapa nimeyaona mimi mwenyewe, hakuna aliyenifundisha wala kunitisha, nina akili zangu timamu, na ninatia saini yangu hapa chini ili

MAELEZO YA OFISA ALIYESIMAMIA

Shahidi aliacha kuandika saa 9:31 alasiri baada ya mtoto kulia akiwa nje. Shemeji yake alikuwa amempakia mtoto kwenye gari lililokuwa likimsubiri na injini yake ikiwaka. Shahidi alitoka mbio akaingia ndani ya gari hilo. Sikuwa na amri ya kumzuia. Ilipofika saa 10:00 jioni maelezo hayakuwa na saini, na mwenye gereji aliachiwa. Ulinzi umewekwa hospitalini kwenye kitanda cha fundi, ambaye sasa ndiye mshukiwa.

Saa 10:25 shahidi alirudi kwa miguu, peke yake, bila mtoto. Aliomba karatasi yake. Nilimjulisha kwamba muda umepita na kwamba maelezo haya hayakuingizwa kwenye jalada. Alisema amesikia. Akasaini.

Saini ya shahidi: imewekwa saa 10:27 jioni.