Bingwa wa Waithaka

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hujambo huko Kisumu? Babu yako, kaka yangu, ni mzima, na bado anacheka kwamba mimi wa kidato cha tatu naitwa shosho, yaani bibi. Uliuliza kama ule mkaratusi wa Waithaka kweli ndio mti mrefu kuliko yote huku kwetu.

Hapana. Ndege iliyopima miti kwa miale ya leza iliupa mita hamsini na nane. Nilimwonyesha kipimo hicho Mzee Kamau, mwenye ploti ulimo mti, naye akawarudisha wakataji aliokuwa amewaita wauangushe. "Siwezi kata bingwa," alisema. Baadaye niliupima mwenyewe kwa kamba na kipimapembe, nikapata mita thelathini na sita tu. Matawi yake yameinamia shimo la kuchimbia mawe, na leza ilihesabu kuanzia chini shimoni.

Vitabuni, kusema ukweli huonekana jambo rahisi. Mimi ilinichukua siku tatu kabla ya kumwendea Mzee na kumwambia.

"Kumbe bingwa amesimama juu ya stuli!" Mzee akacheka. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Na bado umekuja kuniambia?" Akautazama mti, kisha akaenda zake bila kuniahidi kwamba hataukata.

Tangu hapo, msumeno wa injini ukilia popote, naacha kitabu na kukimbilia dirishani. Leo nimekimbia mara mbili. Mti bado upo.

Shosho yako mwenye sare,
Wambui