Lobi Ni Jana, Lobi Ni Kesho

Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, sasa imekatika, na mbele ya ofisi ya redio yetu watu wa toleka, teksi zetu za baiskeli, wanasukuma baiskeli zao ndani ya madimbwi huku abiria wao wanatembea kwa miguu. Niko na furaha. Nimekunywa chai mara mbili, nimekula mikate mitatu, na tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuja kunigombeza. Baada ya Jumanne, hiyo ni neema.

Shajara yangu, nimekukimbia siku mbili. Nilikuwa naona haya hata kwako.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni mtangazaji wa Kiswahili katika redio ndogo hapa Makiso, katikati ya Kisangani. Habari zinanifikia kwa Kifaransa na Lingala, nazigeuza Kiswahili, nazisoma. Tangu kampeni ianze nimebebeshwa pia ukurasa wetu wa Facebook na kundi la WhatsApp la wasikilizaji. Nilikubali kwa mbwembwe. Redioni mtu anakusikia huku anakoroga sufuria yake ya pondu, dakika mbili amesahau. Kwenye simu watu wanajibu, wanatumiana, wanagombana chini ya maneno yako mpaka jua linazama, na wewe unaona kichwa kinavimba.

Kampeni yenyewe ni ya wakati wa vita. Kule mashariki watu wanakimbia kila wiki, na kila mgombea anaapa kwamba yeye ndiye atakayenyamazisha bunduki. Sisi bunduki hatuzisikii. Lakini Lubunga, ng'ambo ya mto, tulikuwa na vita yetu wenyewe, ya majirani kwa majirani kwa sababu ya mashamba. Nyumba zilichomwa. Ya Papa, baba yangu, ilikuwa mojawapo.

Papa alikaa kwangu zaidi ya mwaka mzima, akilala kwenye kiti cha sebule na miguu ikining'inia, akiniuliza kila jioni kama kule kumetulia. Juzi juzi tu alirudi, akatia bati mpya, akapanda karanga. Siku aliyoniita kuona hiyo bati alikuwa anatembea chini yake na mikono mgongoni, kama gavana anayekagua daraja.

Sasa Jumanne.

Kuna mgombea mmoja Lubunga, Maman Odette, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Hana mabango makubwa, hana msafara wa pikipiki, hana mwanamuziki. Ana megafoni moja na viatu vya kutembelea. Sisi waandishi tulikuwa hatumwandiki kabisa, na sababu naijua: kwake hakuna gari la kutuchukua, hakuna soda, hakuna picha nzuri.

Saa nne asubuhi mtu akanitumia sauti kutoka kwenye mkutano wake wa Jumatatu. Fupi, ya sekunde chache. Maman Odette anasema kwa Lingala: "Bandeko, bitumba ya lobi awa na Lubunga..." Yaani: ndugu zangu, vita ya lobi hapa Lubunga... Kisha makelele, kisha basi. Imekatika.

Msomaji wa mbali, nikueleze. Kwa Lingala, lobi ni jana. Lobi pia ni kesho. Neno ni lilo hilo, na unangoja maneno yanayofuata ndipo ujue mtu anakupeleka nyuma au mbele. Kiswahili hakina upole huo. Kiswahili kinakushika ukosi: sema, jana au kesho? Vita ya jana, au vita ya kesho?

Ningeweza kumpigia simu. Namba yake ninayo. Ningeweza kungoja.

Niliandika kwenye ukurasa wetu: "Mgombea wa Lubunga azungumzia vita ya kesho?"

Ile alama ya kuuliza unaiona? Ndiyo kichaka chetu waandishi. Ukiiweka, hujasema kitu, umeuliza tu. Lakini watu walipoanza kutumiana maneno yangu, ile alama ilipotea njiani. Kufika saa sita kurasa nyingine tatu zilikuwa zimeandika kwamba Maman Odette ametangaza vita Lubunga, kesho. Kufika saa nane watu wa mgombea mwingine walishatunga wimbo wa kumkejeli. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu vidole gumba chini ya maneno yangu na kutabasamu.

Saa tisa Papa akanipigia.

"Mama," akaniambia, maana nina jina la mama yake, "niko nafunga bintu. Jirani amenisomea kwa simu, redio yenu imesema vita iko kesho. Tayarisha kile kiti."

Nikamwambia angoje, asitoke. Akasema batu bote banatoka, yeye angoje nini?

Nilishuka mpaka libongo, pale mitumbwi inapoegeshwa. Mama yangu wee! Mitumbwi ilikuwa inakuja imejaa: matela za kulalia, mbuzi, masufuria, bibi mmoja ameshika mlango wa nyumba yake, mlango mzima na bawaba zake. Walikuwa hawapigi kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Walikuwa wanafanya jambo walilolizoea. Mpiga kasia aliniangalia nikipanda mtumbwi uliokuwa unarudi mtupu, akauliza, "Madame, batu banatoka, we unaingia?" Nikamwambia apige kasia.

Papa nilimkuta uani, amekaa juu ya matela iliyofungwa kamba, redio mapajani. Nilipiga magoti. Nikamwambia, Papa, yale maneno niliandika mimi. Nilisikia kipande tu, sikungoja kingine.

Alizima redio. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo.

"Mi nilikuwa pale Jumatatu. Nilisimama mbele kabisa. Yule maman alisema bitumba ya lobi ezonga lisusu te. Vita ya jana isirudi tena. Nilisikia muzuri."

"Sasa Papa, kwa nini unafunga?"

"Redio yako imesema kesho. Nikajiambia, bon, masikio yangu yamezeeka. Redio haizeeki."

Nililia. Siandiki hili ili nionekane mzuri. Nililia kwa sauti, majirani wakatazama. Mtu alikuwa amesimama mbele ya msemaji, amesikia kila neno kwa masikio yake mwenyewe, na akaamini simu yangu kuliko kichwa chake. Kwa sababu ni mimi. Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa nikiwa na Lubunga nzima mgongoni.

Tulikwenda pamoja kwa Maman Odette. Alikuwa amejifungia, vijana walishachana picha zake na kumrushia matope mlangoni. Nilitegemea matusi, na niliyastahili. Alinitazama juu ya miwani, kwa lile jicho la mwalimu lililokwisha kuona kila aina ya uongo.

"Bon, madame la journaliste," alisema. "Mutoto akikosea hesabu, anasahihisha wapi?"

"Kwenye daftari."

"Hapana. Ubaoni. Mbele ya wote."

Akanipa megafoni.

Donc, hivyo ndivyo mtangazaji wa redio alivyopita njia zote za Lubunga alasiri ile, jasho linatiririka, akipaza sauti: "Iko jana! Hakuna vita kesho! Ni mimi nilikosea!" Maman Odette upande wangu wa kulia, akirudia sentensi yake nzima kwa Lingala, polepole, kama imla. Papa upande wa kushoto, akithibitisha kwa kila aliyemjua: nilikuwa pale, nilikuwa pale. Nilijipiga video, nikaiweka kwenye ukurasa. Wengine walinizomea. Bibi mmoja aliniambia megafoni yangu haitamrudishia kuku wake aliyeangukia mtoni. Kweli, haitarudisha. Nimeahidi kumpelekea mwingine.

Ile video haikutembea kama uongo ulivyotembea. Hata robo yake, hapana. Watu hawatumiani masahihisho. Wengi nilitegemea yawafikie redioni, na jioni nilisoma kosa langu kabla ya habari yoyote, kisha jana asubuhi tena, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Mkurugenzi hakufurahi. Alisema wasikilizaji wakijua tunakosea, watatuacha. Nikamjibu kwamba tayari walituacha, walipanda mitumbwi.

Jana mchana nilirudi libongo na mwavuli wangu. Mitumbwi ilikuwa inavuka kwa upande mwingine, matela zile zile. Yule bibi wa mlango alikuwa amekalia mlango wake katikati ya mtumbwi, anakula embe. Sikumbuki mara ya mwisho kuona kitu kizuri namna hiyo.

Na kampeni? Eh, kampeni ina vituko vyake. Wiki iliyopita hakuna aliyemjua Maman Odette. Leo sokoni, hata wale wauza jumla waliotoka Kivu, ambao siasa ya hapa haiwahusu sana, wanamwita Maman Jana. Yeye anacheka. Anasema afadhali Maman Jana kuliko Maman Vita, na kama ni kura, Mungu ndiye anajua kuhesabu kuliko yeye. Ninafurahi kwa ajili yake, na ninachukia kidogo kwamba kosa langu lilimpa jina ambalo ukweli wake wa miezi yote haukumpa.

Bon. Nimebakiza kitu kimoja, na ndicho kilichonifanya niandike leo.

Kwenye megafoni nilisema nilikosea. Redioni nilisema nilikosea. Si uongo, lakini si ukweli wote. Jumanne asubuhi, vidole vikiwa juu ya simu, nilijua. Nilijua lobi ina milango miwili. Nilimjua Maman Odette, mwalimu, si mtu wa kutangaza vita. Na nilijua "vita ya jana" hakuna atakayeifungua. Nilikaa kidogo, nikachagua kesho.

Leo asubuhi, nilipomaliza kusoma habari, Papa akapiga simu. Hakusalimia.

"Nimekusikia ukisema ulikosea. Sasa uniambie mimi: ulikosea, ao ulichagua?"

Ningeweza kumwambia nilikosea. Angekubali, anatafuta tu nafasi ya kunisamehe. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anapigilia msumari.

"Nilichagua, Papa."

Akakohoa.

"Bon. Sasa nitaamini kwanza masikio yangu. Kisha wewe."

Nilimshukuru. Maisha yangu yote Papa aliniamini wa kwanza, na sikuwahi kukaa kitako kama leo, kusikiliza sauti nzima ya mkutano niliyotumiwa leo, dakika tisa, mpaka mwisho, mara mbili, kabla ya kuandika mstari mmoja.