Mkono Wako wa Kushoto

Mjukuu wangu Anitha,

Marahaba. Huku Izia sote wazima, ulezi umekubali, na babu yako bado anabishana na redio.

Lakini wewe unanichosha! Gofu ndiyo kazi inayokulisha, halafu mara ya tatu unaniuliza kama uache kupiga kwa kushoto, eti wenzako wanacheka kwamba unapiga kama unalima.

Nilipoolewa, mama mkwe alinilazimisha kulima kwa mkono wa kulia, maana kwenye mstari jembe langu liligongana na majembe ya wenzangu. Mvua ya kwanza ikayabomoa matuta yangu yote. Kesho yake mama mkwe akanihamishia mwisho wa mstari, nikalima kwa kushoto.

Huko kwenye gofu mnapiga mmoja mmoja. Sasa wewe utamgonga nani?

Bibi yako