Mshindi wa Siku ya Mvua

Dada Zainabu, shikamoo. Huku Sydney Julai ni baridi ya kung'ata masikio. Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya ufumaji Parramatta, ya kwanza tangu korona ifunge kila kitu. Mama Furaha, Mkongo niliyepanga naye nyumba, alikuwa amefuma kitambaa cha meza muda wote tuliofungiwa ndani. Asubuhi hiyo mvua ikamwagika, treni zikasimama. Nikamsihi tubaki, tutaugua bure.

"Miye nilikimbia vita," akasema huku akivaa barakoa, "leo nikimbie maji?"

Tukabadili mabasi matatu. Ukumbini tulikuta majaji wawili, birika la chai na meza tupu. Wafumaji wengine wote walikuwa na busara kama yangu. Majaji wakakikagua kitambaa chake nusu saa nzima, wakanong'onezana, kisha wakampa utepe wa mshindi wa kwanza. Akalia kwa furaha. Ilinijia kumuuliza amemshinda nani, nikaona heri nipige makofi. Nikapiga peke yangu, kwa nguvu za ukumbi mzima.

Mbusu Mama, umwambie mwanawe anakula vizuri na anavaa soksi mbili mbili.

Mdogo wako akupendaye,
Salma