Rangi ya Kucha Kwenye Boliti

Shekha amka. Ni Mama anayeniharibia gari. MAMA!

Leo naendesha mwenyewe hadi Riyadh kwenye usaili wa kazi, unajua. Nawasha gari, limegoma tena kama juzi. Taa za dashibodi zinafifia, starta inalia tk tk basi.

Nikachukua taa ya kupimia ya marehemu Baba. Ncha yake nikaiweka kwenye chanya ya betri; nikigusisha waya wake kwenye hasi, inawaka. Nikigusisha kwenye bodi ya gari, inafifia. Yaani hasi haifiki vizuri kwenye bodi. Nikaufuata waya mpaka pale ulipofungwa, nikafungua boliti.

Rangi ya kucha, Shekha. Zambarau. Imepakwa kwenye pete ya waya na boliti nzima, ikakaushwa.

Ile niliyomnunulia Mama sikukuu ya Iddi, akakataa kuipaka! “Hii haipitishi maji mwanangu, udhu wangu utaswihi vipi?” Kumbe alijua na umeme haipitishi. Si ndiye aliyekuwa akimshikia Baba tochi gereji miaka yote?

Na ndiye aliyepiga vigelegele nilipopata leseni mpaka majirani wakatoka. Yeye!

Nikakwangua, nikafunga, likawaka. Huyo Mama akatoka na kahawa na tende za safari. “Umeona? Tangu niliposali alfajiri nakuombea dua liwake.”

Akaninyooshea kikombe. Kidole chake cha shahada kina zambarau, kucha na ngozi.

Nimeinywa kahawa, nimembusu kichwani, nimeingia garini.

Shekha, hiyo alfajiri kaisali kwa udhu gani?