Kikombe cha Doreen

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu ya kuja na kuondoka, na sakafu ya jikoni bado inanipeleka kushoto na kulia. Leo ni siku ya tatu tangu nishuke melini na mwili wangu haujakubali kwamba Thornton Heath, mtaa wetu huku London, hauelei. Nimeosha vyombo huku nimeegemea sinki kama mzee.

Mke wangu yuko zamu ya mchana hospitalini. Binti yetu Doreen yuko sebuleni anachora. Nyumba imetulia, na ndiyo maana nimechagua leo. Nina jambo la kukiri na nimelikwepa tangu Alhamisi.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni utafiti wa bahari. Si samaki, tafadhali. Shangazi zangu kule Singida wakinipigia simu ni samaki tu, na sina jibu hata moja. Mimi nafuatilia maji. Kaskazini mwa Atlantiki maji ya juu yakipoa sana yanakuwa mazito, yanazama, na yanashuka na sehemu ya joto na hewa ukaa ambavyo sisi wanadamu tumeviongeza angani. Tunataka kujua kama bado yanazama kama zamani au yameanza kusita. Tukikosea hapo, tutakuwa tumewadanganya wajukuu wetu kuhusu mvua zao.

Watu wa kazi hii tuna kamchezo ketu. Tunaposhusha ile fremu ya chuma yenye vipimo na chupa za kuchotea maji, tunafunga pembeni yake mfuko wa neti wa kufulia nguo. Ndani yake tunaweka vikombe vyeupe vya kutupa, vile vyepesi vilivyojaa hewa, tumevichora kwa kalamu za rangi. Huko chini, zaidi ya kilomita tatu, uzito wa maji unaiminya hewa yote. Kikombe kinarudi kidogo kuliko kile cha kahawa ya mtaani Kariakoo, na picha yake imesinyaa nacho, kila mstari mahali pake. Ukiwa na mtoto nyumbani, huwezi kurudi bila hicho kikombe.

Doreen ana miaka minane. Chake alikichora kwa siku mbili: mimi, mama yake, yeye mwenyewe, na meli yenye madirisha mengi kuliko ghorofa. Alinikabidhi kwa mikono miwili, jambo ambalo hafanyi hata akimpa bibi yake zawadi.

Nikakiharibu.

Sharti ni moja tu. Kila kikombe unakijaza tishu kabla ya kukitia mfukoni, visije vikaingiliana huko chini. Nalijua vizuri, nimelifundisha kwa wanafunzi. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka, mwendesha winchi, ile mashine ya kushushia fremu, alikuwa ananisubiri mimi peke yangu, nikavitupia mfukoni hivyo hivyo. Fremu iliporudi juu, kikombe cha Doreen kilikuwa kimemezwa na cha mpishi wa meli. Nilipojaribu kuvitenganisha, cha Doreen kikapasuka mkononi mwangu vipande vinne.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoniuma. Nilichukua kikombe kipya, nikajifungia kabini, nikaichora upya picha ya mwanangu. Niliiga mpaka madirisha. Nilipindisha mkono makusudi ili mistari ionekane ya mtoto. Tulipofika kituo kilichofuata cha kupimia maji nikakishusha, safari hii na tishu zake. Kikarudi kizuri mno.

Alhamisi nikampa. Alifurahi, akakizungusha, kisha akakigeuza akatazama kitako chake. Akasema, "Thank you, Baba," akakiweka juu ya kabati la viatu. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kukipeleka shule kuwaonyesha wenzake, tulikuwa tumeipanga kabla sijasafiri. Alikiacha pale pale.

Jana jioni mama yake akaniuliza, "Baba Doreen, yale maandishi yake yalifutika?"

"Maandishi gani?"

"Aliandika kitu kwenye kitako, siku ile unaondoka. Alikifunika na mkono, hata mimi alinikatalia."

Sikuwahi kukigeuza. Mimi, ambaye kazi yangu yote ni kuchungulia chini.

Basi leo nimekausha mikono, nikaenda kukaa naye kwenye zulia, nikamwambia yote. Nilisema kwa Kiswahili, polepole. Doreen anasikia kila kitu lakini anajibu kwa Kiingereza, nimeshazoea. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Hakulia. Alifikiri kidogo, akaniuliza:

"Do you do that with the water too?"

Yaani na maji nayo? Chupa ikipasuka najifungia kabini natunga namba za vipimo?

Nimehojiwa na maprofesa wenye sura za kutisha na sijawahi kupata swali la kunibana namna ile. Niliona aibu, aibu ya masikio kupata moto. Nikamwambia hapana. Chupa ikipasuka tunaandika kwenye daftari kwamba imepasuka, nafasi ya namba inabaki tupu, na aliyeipasua anatia sahihi. Ukiweka namba ya kutunga, hata zile nzuri zilizo jirani nayo hakuna atakayeziamini.

"So write it," akasema, akanisogezea karatasi yake ya kuchorea.

Nikaandika: Kikombe cha Doreen. Kilishuka salama. Kilirudi kimekwama, kikapasuka. Sababu: baba hakuweka tishu. Kikombe cha pili si cha Doreen, alikichora baba. Nikatia sahihi. Aliisoma kwa kidole mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama msimamizi wa mtihani.

Halafu akataka kujua vipande viko wapi.

Vilikuwa ndani ya soksi, kwenye begi ambalo sijalifungua. Baharini hatutupi kitu, na kwenye pipa la meli nilishindwa kuvitupa, sijui kwa nini. Alivimwaga kwenye zulia akavigeuza kimoja kimoja mpaka akakipata kitako. Kizima, kidogo kama kifungo cha koti. Nikampa simu akikuze kwa kamera. Herufi za bluu zilikuwepo zote, zimesongamana.

Akanieleza kwamba alimuuliza bibi yake kwenye simu jinsi ya kuandika, na kwamba aliandika kwa Kiswahili ili wale wengine melini wasijue. Tena, akasema, mimi baba yake ndiye niliyemwambia kwamba kazi yangu ni kufuata maji yanayozama.

Ni kweli nilimwambia. Tulikuwa mezani, mdomo wangu umejaa wali, wala sikumtazama usoni kuona amelipokeaje.

Kisha akasoma. Kwa Kiswahili, taratibu, neno moja halafu la pili:

"Baba asizame."

Nilimkumbatia, naye akaniacha nimkumbatie kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Sasa nimerudi jikoni naandika haya. Mvua imekatika na sakafu bado inacheza. Karatasi yenye sahihi yangu tumeibandika kwenye friji, mama yake akirudi ataisoma. Kile kikombe changu kizuri kimebaki juu ya kabati la viatu, hakuna anayekihitaji. Kitako ninacho mimi. Amenipa kwa mikono miwili, akanipa na masharti yake: safari ijayo kisishushwe tena, kikae mfukoni mwangu, juu, pamoja na mimi.